Muhuri wa Mkate

Kisiwa kile cha Mediterania unakizunguka kwa miguu kwa saa moja tu, lakini mwongoza watalii alikuwa na haraka. Ndani ya ngome aliinua kibao kilichochongwa samaki wa mikia miwili.

"Muhuri wa mfalme," alisema. "Ndio aliopigia barua zake."

"Mwongo!"

Evanthia, bibi wa miaka sabini aliyekuja na boti ya asubuhi, alimpokonya. "Huu ni wa mama yangu! Kisiwa kizima kilikuwa na tanuri moja. Kila nyumba ilipiga alama yake kwenye donge la unga, mikate isichanganyike. Mfalme gani alikanda unga hapa?"

"Mama, tafadhali, rudisha. Ni mali ya makumbusho."

"Na sisi tuliohamishwa kisiwani hapa kwa nguvu, ni mali ya nani?"

Watalii walicheka, mmoja akampiga picha. Evanthia alipandisha mkono wa gauni, akaukandamiza muhuri kwenye ngozi yake kwa nguvu zote, kisha akamtupia mwongoza watalii.

Kwenye boti ya kurudi, samaki aliyechapwa mkononi alianza kufifia. Evanthia akamfuatisha kwa ukucha, mkia wa kwanza, kisha wa pili, na kila alipofifia akachimba zaidi.