Alizeti za Msufi

Kitu cha kwanza Kahaso alichokiona ni kwamba mgeni yule alipangusa viatu kabla ya kuingia. Karakana ya fundi Matano, pale Mwabungo, haikuwa na sakafu. Ilikuwa na mchanga, na juu ya mchanga maranda ya mbao yaliyofika kwenye vifundo vya miguu.

"Karibu, mwanangu, kanyaga tu," fundi Matano alimwambia. "Hapa hata ukitaka kuchafua, huwezi."

Mgeni akajitambulisha. Aliitwa Gedion, kijana wa bara, mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Meneja wake alitaka maua arubaini ya mbao ya kupamba ukumbi wa kulia chakula.

"Maua ya nini?"

"Alizeti, mzee."

Fundi Matano akakuna kidevu. "Ali Zeti... Ni yule wa Ukunda, mwenye kinu cha kusaga mahindi, au mwingine?"

"Si mtu, mzee. Ni sunflower. Ua la manjano, kubwa kama sahani."

"Ala! Ile ya mafuta! Mwanangu, sisi alizeti twaijua ikiwa ndani ya chupa." Akamgeukia Kahaso, msichana wake wa kuchonga na kupaka rangi. "Kuna mtu hapa aliyepata kuliona ua lake? Wewe Kahaso?"

Kahaso aliinamia kisu chake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata salamu yake ilibidi uisogelee ndipo uisikie. Akaendelea kuchonga.

"Umeona?" fundi akasema. "Lakini mikono yake, wallahi! Mwonyeshe mara moja tu."

Kazi ile ilihitajika. Tangu mvua za El Nino zikate barabara na wageni wakaadimika, karakana ilikuwa haijauza hata twiga mmoja wa mbao. Maua haya yakiponyoka, fundi Matano angefunga, na Kahaso angerudi kwao.

Gedion akachuchumaa, akachora ua mchangani kwa kijiti.

Aliporudi siku chache baadaye, alikuta Kahaso amechonga ua jeupe lenye petali tano.

"Dada Kahaso, hii ni yasmini," alisema. "Yasmini iliyonenepa."

Kahaso akacheka ndani ya leso yake. Gedion akachora upya.

Mara ya pili petali zilikuwa nyingi, za manjano, na katikati manjano vilevile.

"Sasa hili ni yai la kukaanga."

Siku hiyo alikaa kitako, akaeleza habari za kitovu cha ua: kipana, cheusi, mbegu zimebanana. Maelezo yalichukua saa nzima. Ndani yake aliingiza habari za kwao Kitale, na ng'ombe wa mama yake aliyekuwa akila nguo kwenye kamba, na jinsi yeye Gedion anavyoiogopa bahari ingawa analala kando yake. Kabla hajamaliza kuzichora mbegu, Kahaso alikuwa ameshazichonga kwa ncha ya kisu, mzunguko ndani ya mzunguko. Kisha akachukua msasa, akazifuta zote.

Mara ya tatu Gedion alikuta kigoda cha pili kimewekwa. Alikuta pia ua lililojikunja kama ngumi.

"Kabichi," alisema Gedion, akaketi.

Mara ya nne ua lilikaribia sana, ila majani yake yalikuwa makuti ya mnazi. Fundi Matano akashika kichwa.

"Mwana weye, una nini? Kinyonga ulimwona mara moja tu, ukamchonga mpaka mke wangu akamkimbilia na ufagio! Ua hili limekushinda kwa nini?"

"Nitajaribu tena, fundi."

"Aki pole, mzee," Gedion akaingilia, bila furaha. "Bosi amesema Jumamosi asubuhi ndiyo mwisho. Zisipofaa, ananunua za plastiki Mombasa."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kahaso hakuinua kichwa. Alichonga petali za mbao ya msufi, nyembamba kama ukucha, akazikunja taratibu juu ya mvuke wa sufuria. Alizipaka manjano iliyokolea shinani na kufifia nchani. Vitovu alivipa rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, na shingo za maua akaziinamisha kidogo, kama zilizochoka kubeba mbegu. Fundi Matano alipita nyuma yake mara kumi kwa siku akisoma dua, na kila mara akitoka ameongezea nyingine.

Jumamosi asubuhi alizeti arubaini zilisimama zimeegemea ukuta. Jogoo wa jirani alidonoa moja, mdomo ukamuuma, akaondoka amenuna.

Gedion aliingia, akasimama. Alinyanyua ua moja, akaligeuza, akalirudisha kwa mikono miwili.

"Dada, ni zenyewe. Kabisa." Akachuchumaa kulitazama vizuri. "Hata shingo zimeinama, vile huinama zikikomaa. Lakini hilo mimi sikukuchorea. Umejuaje?"

"Si nilikwambia? Mikono!" fundi Matano akapiga kelele, akakimbilia uani kutafuta makatoni kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Wakapakia, Kahaso upande mmoja wa katoni, Gedion upande wa pili. Ua la mwisho lilipoingia, Gedion akajipukuta maranda kwenye suruali.

"Basi," alisema. "Kazi imeisha. Sina sababu nyingine ya kuja huku."

Kahaso alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Niliacha shule darasa la nne," alisema, kwa sauti ambayo hata fundi Matano kule uani aliisikia, "nikaenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile mbegu shambani kwa mama. Miaka sita. Ekari mbili, alizeti tupu."