Mshipi Usiokatika

"Mshipi umekatika, braza. Kambare mkubwa huyo, twende zetu," alisema rafiki yangu Sebastian, akirudisha mkono mfukoni.

Niliuvuta hadi mwisho wake ukafika vidoleni. Mie mishipi yangu naiweka kwenye kopo la maziwa, mbali na jua, na asubuhi niliujaribu huu mpaka ukanichana kiganja. Mshipi ukizidiwa na uzito, ncha yake hujikunja. Hii ilikuwa imenyooka, kama iliyopitishwa wembe.

Na kile kitu kilichonasa kwenye ndoano hakikupigana hata kidogo. Kilikuwa kizito tu.

Pikipiki yangu ilipoibiwa, Sebastian alinisaidia kuitafuta Boko nzima. Bwawa hili tu ndilo hakutaka tulikaribie.

"Twende, bwana!"

Nikafunga ndoano nyingine, nikarusha palepale.