Kikohozi Kimoja, Kijiko Kimoja

"Khuu! Khuu!"

Mke wa mwana mkubwa alikuwa katikati ya neno baya. Alilimeza lilivyo, akavaa uso wa mtu aliyekuwa akisali, akamkanyaga mdogo wake mguu chini ya meza.

Pazia la jikoni likasogea. Baba mkwe akatanguliza kichwa, kisha yakafuata mabega ya useremala yaliyoanza kulegea. Msimu wote wa baridi alitembea na soksi za sufu, kama paka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naomba maji ya moto kidogo."

"Kikohozi bado tu, baba? Pole jamani! Kifua chako kinaninyima usingizi."

Mzee akacheka. "Hiki? Hiki nilikipata mwaka niliomwoa marehemu mama yenu."

Alipoondoka na kikombe chake, mkwe alishika kiuno.

"Umemsikia? Kikohozi cha tangu harusi! Zee linadeka hilo. Uani huko linapiga randa kutwa nzima, kimya. Usiku linalala kama gogo. Likikaribia jikoni tu, khuu, khuu! Daktari kampima, kasema kifua kizima. Na daktari mwenyewe bure kabisa."

"Labda moshi, dada."

"Moshi gani, nami napikia gesi? Linataka kubembelezwa. Basi nitalibembeleza mpaka likome."

Na sababu ya kubembeleza alikuwa nayo. Mzee alikuwa amesema kwamba baridi ikiisha, ufunguo wa nyumba ataukabidhi kwa mmoja wa wanawe wawili, yeye abaki na chumba chake tu. Nyumba yenyewe nzuri, kila mlango kauchonga kwa mkono wake. Isipokuwa jikoni. Huko alitundika pazia, akasema mpishi hafungiwi. "Seremala asiye na mlango!" mkwe aliwaambia majirani, nao wakacheka, maana kucheka ni bure.

Akaamua kutengeneza asali ya majani.

Asali ya majani haitaki mtu mwenye haraka. Mnanaa na mrihani huanikwa kivulini mpaka jani ukilifikicha livunjike kama karatasi. Ndipo hutiwa kwenye chupa kavu, asali ikamiminwa juu taratibu, ikakorogwa kwa kijiti mapovu yatoke, ikaachwa dirishani mpaka inywe harufu yote. Yeye aliyaosha majani, akayakung'uta kama anayefukuza nzi, akayasokomeza mabichi na maji yake. Juu akatupia tangawizi na vitunguu saumu, kwa hasira.

Haukupita muda chupa ikaanza kutoa povu.

"Dada, mbona inanuka kama pombe iliyolala?"

"Ndiyo nguvu ya dawa hiyo. Wewe umesomea wapi?"

Tangu hapo akawa anamngoja mzee nyuma ya pazia, kijiko kimejaa.

"Khuu! Khuu!"

"Fungua mdomo, baba. Kikohozi kimoja, kijiko kimoja. Ndiyo sheria."

Mzee akameza. Macho yakamtoka machozi, masikio yakacheza. "Ahsante, mwanangu," akasema, maana alikuwa mtu wa adabu zake.

Jioni vilevile. Kesho yake vilevile. Ikafika mahali wakasikia "Khu—", kisha kimya, na asiingie mtu. Mdogo mtu alichungulia, akamwona mzee anarudi uani na kikombe kitupu. Mwishowe hata hiyo "khu" ikapotea.

"Umeona?" Mkwe alipiga makofi. "Kifua kilichomshinda daktari nimekifunga kwa kijiko! Yule mke wa shemeji angeweza? Asiyejua hata kuchemsha maji! Mtaa mzima utakuja kuniangukia miguuni."

Akaanza kutengeneza chupa nyingine, kubwa zaidi. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa imetulia, sauti yake nayo ikapanda, ikawa ya mtu aliye kwake.

Ikafika siku ya ufunguo. Mzee alikuwa amesema atautoa baada ya chakula cha mchana. Mkwe alikuwa anakatakata vitunguu, kalipa pazia mgongo. Mdogo wake, upande wa pili wa meza, alikuwa anachambua mnanaa.

"Leo zee linatema ufunguo," mkwe alisema. "Likishautema tu, chumba chake nageuza stoo. Kitanda nakihamishia kwenye banda la uani, likalale na mbao zake."

"Mumeo je?"

"Mume wangu ataambiwa ni kwa ajili ya kifua, baba apate hewa."

"Na huko bandani akikohoa?"

"Akohoe mpaka mbavu zitoke! Nani atamsikia?"

Akacheka. Akacheka tena, akashangaa kujisikia anacheka peke yake. Mikono ya mdogo wake ilikuwa imesimama ndani ya majani, na macho yake yalikuwa yanatazama juu ya bega la dada mtu.

Mkwe akageuka, kisu mkononi.

Mzee alikuwa amesimama upande wa ndani wa pazia, na soksi zake. Mkono mmoja ulishika kikombe, wa pili ufunguo. Akaurudisha ufunguo mfukoni polepole, kama mtu anayeficha kitu mbele ya watoto.

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Kwa kuogopa kijiko chako, leo nimeingia bila kubisha hodi."