Kitabu Cheupe cha Nungunungu

Atakayebisha na abishe, mimi kisa hiki ninakijua kuliko hata waliokuwepo.

Nungunungu alikuwa mwandishi, na kalamu aling'oa mgongoni mwake mwenyewe. Uzeeni macho yakaingia ukungu, akawa anasalimia visiki akidhani ni wakwe. Hata hivyo akaandika kitabu cha mwisho, mwezi mzima, akampelekea Kima.

Kima akafunua, akaangua kicheko. "Babu wee! Wino ulikuishia ukurasa wa kwanza. Kwingine kote kweupe! Pumzika tu, ule mizizi yako."

Nungunungu akanywea. Jirani yake Fuko, kipofu wa kuzaliwa, akasema, "Hebu nipe nikipapase, mzee mwenzangu." Herufi Fuko alizijua, mamake alimchorea udongoni, ila kitabu alikuwa hajawahi kusoma. Akapitisha kidole kwenye mikwaruzo ya mwiba. Akacheka. Mbele kidogo akapenga kamasi.

"Mbona umemzamisha bibi harusi?"

"Endelea kupapasa," akajibu Nungunungu, kifua kimemtuna.

Tangu siku hiyo hanunui wino. Na Kima, na macho yake yote mawili, hashindi pengine ila mlangoni kwa Fuko: "Babu Fuko, nisomee na mimi. Bibi harusi aliopolewa?"