Mshale wa Chai

Mshale ulizunguka kwa mbwembwe, ukawapita mafundi wote mezani, ukaanza kuchoka, ukasimama mbele ya fundi waliyemwita Nusu Inchi. Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Mshale umekupenda huo!" alipiga kelele Cheche, mchomeleaji, aliyekaa kiti kinachofuata chake. "Panda ngazi, kaka. Chai ya Injinia inapoa."

Mchezo wenyewe aliubuni Cheche. Kipande cha bomba kimesimikwa katikati ya meza, kingine chembamba kimeingia ndani yake, na juu yake mshale wa bati. Kila mapumziko mtu anausukuma, na anayeelekewa ndiye anayempelekea Injinia chai ghorofani. Ngazi ni za chuma, nyembamba na ndefu, na ukirudi unakuta wenzako wameshaumaliza mkate. Mwanzoni mshale ulimwandama Cheche wiki nzima, akalaani mpaka sauti ikamkauka. Kisha ukahamia kwa Nusu Inchi, na haukuhama tena.

"Nina nuksi tu," alikuwa akisema. Siku hizi hakuiamini tena. Yeye ni mchongaji vyuma, na chuma hakijui nuksi.

Asubuhi hiyo, wenzake wakiwa bado wanabadili nguo, aliufunga mshale kwenye mizani ya kuning'iniza, akauvuta polepole mzunguko mzima. Mabomba yalisuguana sawasawa pande zote, laini kabisa, mizani ikisoma mbili, isipokuwa mahali pamoja. Mbele ya kiti chake yalibanana, mizani ikapanda hadi sita. Mtu alikuwa ameyabonyeza kidogo, tena kwa ufundi: mshale wenye kasi unapita, uliochoka unanasa.

Roho ilimuuma. Cheche alikuwa rafiki yake tangu wote wawili ni wanagenzi, kumbe ndivyo anavyomfanya punda! Leo angemuumbua mbele ya msimamizi, na urafiki ukifa ufe. Lakini kwanza alitaka kauli ya mtaalamu, na kazi ya Injinia ilikuwa hiyo hiyo: kukadiria mabomba ya kuchimbia visima yatakazana kiasi gani moja likizungushwa ndani ya jingine. Hakuna ambaye angembishia. Wala hakuwa na upande. Kila siku alifika karakana kabla ya watu wote, akapanda zake juu, na meza yao ya chai hakuwahi kuikalia.

Nusu Inchi alipofika juu na chai, alimkuta Injinia anajifuta vidole kwa kitambaa. Kiti cha mgeni, kama kawaida, kilikuwa kimeshapanguswa vumbi.

"Karibu, fundi. Mama anaendeleaje na goti?"

"Hajambo, ahsante."

Kila siku ni maswali, na kila siku yeye hujibu mpaka chai inapoa. Kusema kweli, hilo halikuwahi kumchukiza. Leo hakukaa. Aliweka sinia la chai mezani kwa kishindo.

"Injinia, nisaidie hesabu. Ule mshale wetu wa chini, bomba ndani ya bomba. Nataka kujua inahitajika nguvu kiasi gani kuuzungusha." Matokeo yake mwenyewe aliyaficha, asije akamwelekeza. "Kuna mtu ananichezea, na leo namshika. Ngoja nikutajie vipimo..."

"Mbili, pande zote," alisema Injinia, akimimina chai kwenye kikombe cha pili. "Sita mbele ya kiti chako."

Kipimo hata kimoja kilikuwa hakijamtoka Nusu Inchi.

Birika likasimama hewani. Injinia alitazama kikombe, akatazama dirisha, akakosa pa kuyaweka macho.

"Nilianza na nne," alisema kwa sauti ndogo, "mshale ukawa unakupita, nikaletewa chai na Cheche wiki nzima."