Farasi Aliyekosa Chanjo

Farasi jike alipepesuka, akambana Baba Seolhwa ukutani mwa zizi. Mkono mmoja tu ulibaki huru, na mbu walitua juu yake watakavyo.

“Mama Seolhwa! Fungua mlango! Homa ya mbu imempanda ubongoni!”

Mkewe alifika akijikokota kutoka kwenye michungwa. “Si nilikuambia achanjwe kabla ya mvua? Ukasema farasi wa kisiwa chetu cha Jeju ni chuma!”

“Utanisuta baadaye. Vuta komeo!”

Mkono wa mkewe ulipapasa ubao, ukalikosa komeo, ukalikosa tena.

“Unachezea nini, wewe?”

“Silioni vizuri. Kichwa kinanipasuka tangu jana, na shingo haigeuki.”

Baba Seolhwa aliwatazama mbu mkononi mwake, kisha mkewe: homa ileile ilikuwa imempanda yeye pia. Akatia bega kwenye mbavu za farasi wake mpenzi, akasukuma bila huruma ili amfikie mkewe.