Samaki wa Bombani

Saruji ilikuwa bado mbichi Bi Mwatime alipofika kumkagua samaki wa vigae wa Zuwena. Yeye ndiye aliyemfundisha Zuwena kupamba kuta kwa vipande vya vigae, na ukuta huu, juu ya bomba la maji la mtaa, ulikuwa wa kwanza aliomwachia peke yake. Vipande vya buluu vilikaa safu kwa safu, vimenyooka kama uzi.

"Kazi safi," alisema Bi Mwatime. "Lakini huyu umemjenga, mwanangu. Haogelei."

"Kila safu nimeipima, Fundi."

"Hata sakafu ya choo changu imepimwa."

Wanawake waliopanga foleni ya maji wakacheka. Uso wa Zuwena ukawaka kwa aibu. Adhuhuri saruji ingeshika, na samaki yule angebaki hapo, watu wakisema ni wa Zuwena, maisha yake yote.

Akachukua patasi, akabandua kazi yote aliyoianza alfajiri. Akapaka saruji mpya, akaanzia kwenye jicho. Safari hii kila kipande kiliufuata mgongo: vipana tumboni, vyembamba kuelekea mkiani, na mkia wenyewe akaukunja kidogo.

Bi Mwatime akasogea karibu, akaufuata mgongo wa samaki kwa macho hadi mkiani.

"Andika jina lako," alisema hatimaye. "Kubwa, lisomeke."

Zuwena akainua kichwa, akatabasamu bila kujificha. Nyuma yake, mwanamke ambaye zamu yake ya kuchota ilikuwa imefika alitupa jicho ukutani, kisha akasogeza ndoo yake kando, kama anayempisha samaki aogelee.